Deni la Ndoo

Tuliandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa stoo ya mama Asumini,
kwa sababu daftari hufungwa likasahaulika,
mlango lazima ufunguliwe.
Majina manne, juma kumi na nane,
na chini, kwa mwandiko wa Yustini unaoinama kama mpanda mlima:
ASIYETIMIZA ATALETA NDOO MOJA.

Mgeni angecheka. Ndoo moja, adhabu gani?
Mgeni haijui Newala mwezi wa nane,
bomba likikohoa hewa siku ya tatu,
na bondeni kunashukwa kwa magoti, kunapandwa kwa shingo.

Sisi si watahiniwa wa kengele na gwaride.
Asumini hushona sare za wanaovaa sare.
Yustini hupulizia salfa mikorosho ya watu,
hurudi na nyusi za njano, akauliza, "Leo osmosisi?"
Chitanda ni wa mizani pale ghala la ushirika:
kilo anazijua kwa mkono, ila karatasini tarakimu humgeuka.
Nami Somoe, mama wa mtoto wa miaka sita
anayetaka kujua ni nani kanipa kazi ya nyumbani.

Mwanzoni tulijiwekea malengo ya walevi:
*Baiolojia yote, Jumamosi.*
Jumamosi ikaja na unyago wa binti wa jirani, ngoma mpaka kuche.
Pipa la mama Asumini likajaa hadi mdomoni.
"Endeleeni kutosoma, wanangu," akasema akifua.
"Sijawahi kuoga vizuri hivi."

Tukafuta. Tukaandika vidogo:
kurasa sita. Maswali manne ya logi.
Ramani moja, uisome mpaka ujue mto unakokwenda.

Mwezi wa tisa niliweka vema
penye mada ambayo sikuifungua.
Mtoto alikuwa na homa, nami nilikuwa na sababu,
lakini sababu sikuiandika. Niliandika vema.
Chitanda akasema, bila ubaya, "Somoe, tufundishe hiyo."
Nikasimama mlangoni na mkaa.
Mkaa ukachora duara. Ukachora duara jingine.
Nikasikia sindano ya Asumini ikipita kitambaani.
Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Alfajiri nikashuka bondeni, nikapanda na deni langu kichwani,
nikamkuta Yustini penye pipa, naye ana ndoo.
"Ya nini? Wewe ulitimiza."
"Jumatatu nilikuona macho yamevimba.
Nikakuuliza umefika ukurasa wa ngapi."
Tukamimina. Maji hayakujua yapi ya nani.

Kisha korosho zikaanza kudondoka,
mtihani uko pua na mdomo,
na Yustini akapotea shambani kwa baba yake.
Juma la kwanza. La pili. Mbele ya jina lake, ubao mtupu.
Tulibishana kama adaiwe ndoo mbili au tatu
mpaka Asumini akaubamiza mlango:
"Huu hauna miguu. Sisi tunayo."

Tukamkuta kainama katikati ya mabibo yaliyochachuka,
nyuki wamelewa, yeye hana hata nguvu ya kuona haya.
Tukainama naye.
Nyonyoa korosho, tupa bibo. "Taja kazi za ini."
Nyonyoa, tupa. "Vita vya Majimaji, mwaka?"
"Tafuta eksi."
"Labda iko chini ya majani hayo," akasema,
na hapo ndipo tukajua amerudi.
Jioni: magunia mawili, mada tano,
vidole vyeusi kwa utomvu, hata kalamu inateleza.

Matokeo hayajatoka.
Pipa limebaki nusu, na mama Asumini hataki mlango ufutwe.
Jana mwanangu kaokota mkaa,
akaandika jina lake chini ya yetu, herufi moja imetazama nyuma,
na mbele yake: *kurasa 2*.
Akapangusa mikono kwenye kanga yangu.
"Sasa," akasema, "mimi ataniuliza nani?"